Mchoma Mkaa Aliyetoka Nje Kuomba

Palikuwa na mchoma mkaa mmoja, wapendwa, aliyeshuka kutoka msituni Jumapili asubuhi, masizi hadi kwenye kope. Saa ileile binti yake wa pekee alikuwa anapasuliwa hospitalini, na alipofika huko akaambiwa asubiri nje. Akaona msalaba juu ya paa la kanisa la jirani. Akasema moyoni, nitakwenda kupiga magoti pale.

Mlangoni mzee wa kanisa akamzuia. "Ndugu yangu, hivyo ulivyo? Hii ni nyumba ya Mungu. Kaoge kwanza."

Mama mmoja mkaribishaji akaingilia kati. "Mzee, mwache baba wa watu apite! Karibu, baba, jisikie uko kwako." Akaushika ule mkono wenye masizi bila kusita.

Mmempenda mama huyo? Hata mimi nampenda. Lakini ngojeni.

Ndani, mchungaji akasema, "Tuombe." Huku nyuma watu wakaendelea kusimuliana harusi ya jana. Mmoja akapokea simu: "Niko kanisani tu, hebu sema." Yule baba akatafuta kichwa kimoja kilichoinama, apige magoti karibu nacho. Hakukiona. Akatoka taratibu, akapiga magoti penye bomba la maji, kwenye tope.

Mama akamfuata mbio. "Baba, nani amekukwaza?"

"Wewe hujanikwaza, mama. Mungu akubariki kwa kunishika mkono. Ila yule mzee alinizuia kana kwamba Mungu si wangu. Na humo ndani mmenipokea kana kwamba Mungu mwenyewe hayupo. Mwanangu yuko kwenye kisu, mama. Mimi nimemjia Mwenye nyumba."

Mama akapiga magoti kando yake na sare yake nyeupe, kwenye tope lilelile.

Na sisi je? Msibani hatugawi kadi za mwaliko. Anaingia tajiri, anaingia mlevi, anaingia hata yule tuliyegombana naye. Lakini nani kati yenu amewahi kuingia msibani akipiga mluzi? Kumbe tunajua kumpokea kila mtu, na heshima ikabaki palepale. Kama marehemu tunamheshimu hivyo, Yeye aliye hai je?

Naumia kusema haya, maana hata simu yangu imewahi kulia madhabahuni. Mlango wetu ubaki wazi, ndugu zangu, na mwenye masizi aingie na masizi yake. Ila akishaingia, atukute tumepiga magoti.