Mwizi wa Nyasi za Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kuazimana chumvi, kijiji cha Majanimarefu kilimteua Kifaru kuwa mzima moto. Walikuwa wamesikia kwamba kifaru akiuona moto huukanyaga, pu, pu, pu, ukafa. Kwa hiyo kila nyumba ilimpelekea mganda wa nyasi asubuhi, na viazi wakati wa mavuno. Moto wenyewe haukuwahi kuja. Kifaru alikula, akalala, na nyasi zilizomshinda zikakauka uani, zikawa lundo refu kuliko paa lake.

Kiangazi kimoja Mama Nguchiro, mjane mwenye watoto wengi na usingizi mchache, alimwendea.

"Shikamoo, mzee. Vijana wetu wanashinda barazani wakicheza bao. Waajiri, wajifunze kazi ya moto kabla pepo hazijaanza."

Kifaru alishtuka, masikio yakasimama. "Hawa? Mama Nguchiro, mwanao mkubwa nikimpigia chafya ataangukia kijiji cha pili. Moto ni wangu."

"Haya, mzee. Nimesikia."

Kesho yake Kifaru aliamka akakuta lundo limepungua. Siku iliyofuata likapungua zaidi. Alilizunguka mara mbili. Nani huyo wa kumwibia Kifaru?

"Watakuwa swala wa ng'ambo," alisema Mama Nguchiro, akipita na ndoo kichwani. "Wanajificha kwenye majani marefu. Ningekuwa wewe, ningekizungushia kijiji ukanda mpana wa udongo mtupu, usio na jani hata moja. Mwizi akikanyaga tu, alama ya kwato inabaki."

"Atalima nani?"

"Wale wa barazani. Kikapu cha viazi kwa kila mmoja, kila wiki."

"Viazi vyangu?"

"Basi endelea kuibiwa."

Vijana wakaajiriwa, na Tunu, binti mkubwa wa Mama Nguchiro, akawa msimamizi. Walifyeka, wakalima, wakang'oa visiki. Kila jioni Mama Nguchiro aliwapanga mstari, kila mmoja na tawi bichi, wakausawazisha udongo kwa kuupiga pamoja: pa, pa, pa.

"Chini, Tunu. Usilinyanyue tawi kupita bega."

"Kwani akinyanyua?" aliuliza Kifaru.

"Vumbi, mzee."

"Na mitungi hii ya maji kando ya ukanda?"

"Udongo mkavu haushiki unyayo."

Kifaru aliridhika. Wizi ulikoma lundo lilipokuwa limebaki nyasi chache tu, naye akamwambia kila mpita njia kwamba wazo lilikuwa lake.

Mchana mmoja jua likageuka jekundu. Ndege wakapita juu bila kulia. Kisha kutoka magharibi ikasikika ngurumo, na majani marefu yakaanza kulipuka, ta, ta, ta.

Kijiji kizima kikamgeukia Kifaru.

"Mzee, kazi yako hiyo inakuja," alisema Ngiri.

Kifaru alikuwa hajawahi kuuona moto wa nyikani. Siku zote alidhani una kimo cha moto wa jikoni. Huu ulikuwa mrefu kuliko miti, tena ulikuwa unakimbia. Akageuka. Akampita Ngiri, akaangusha ua wa Kanga, akashuka bondeni na kujitupa mtoni, chubwi!

Mtoni alihisi kitu laini chini ya tumbo. Akatazama. Nyasi. Miganda kwa miganda, imelowa, imefungwa kwa kamba zilezile alizozijua.

Akainua kichwa kutazama kijijini. Moto ulifika kwenye ukanda mtupu, ukasimama, ukakosa cha kula. Cheche zikaruka juu ya ukanda, zikadondokea uani kwa Kifaru, kwenye nyasi chache zilizosalia. Tunu na wenzake walikuwa wameshafika na matawi, mstari mmoja, chini chini, pa, pa, pa. Maji yakafuata. Kifaru akalikumbuka lundo lilivyokuwa refu kuliko paa lake.

Mama Nguchiro alishuka kujaza mtungi, uso mweusi kwa masizi.

"Mwizi ni wewe?" Kifaru aliuliza.

"Ni mimi. Nyasi kavu karibu na nyumba ni kuni, mzee. Sogea, unanichafulia maji."

"Na swala?"

"Swala hata unapokaa hawapajui."

"Si ungeniambia ukweli tu?"

"Nilikuambia. Ukanijibu habari za chafya."

Kifaru akasogea, akamwachia maji safi.

Tangu hapo vijana ndio walioshika kazi ya moto, na kijiji kizima kiliwalisha. Kifaru naye hakunyimwa kazi: ale majani ya nje ya ukanda mpaka yawe mafupi. Tunu, masharubu yameungua upande mmoja, humfuata nyuma.

"Hapo umeruka, mzee. Na hapo."

Nanyi mliokaa kunisikiliza, shikeni hili mkalale: anayengoja moto uje ndipo ajifunze kuuzima, atajifunzia majivuni.