Huyu Alikuwa wa Nani?

Kaeni, wapendwa. Na wewe uliyeng'ang'ania mlangoni, ingia, viti vipo.

Kule Marekani wana mchezo wao, wanauita mpira wa miguu, ila mpira wenyewe wanakimbia nao mikononi. Msinicheke, sikuutunga mimi! Sasa humo ndani kuna watu watano, miili kama makabati, na kazi yao ni moja tu: kusimama mbele ya mpiga pasi na kuwazuia wapinzani wasimfikie. Wakizuia vizuri, anashangiliwa mpiga pasi. Wakikosea mara moja, uwanja mzima unawataja kwa majina.

Kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa huku kwetu, timu kubwa ikamchukua kwa kazi hiyo. Wakamwambia, tunakuangalia mechi tatu, ukifaa unabaki, ukivurunda unafungasha. Mechi ya kwanza akazuia. Ya pili akazuia. Nani alimwona? Hakuna. Alikula peke yake, akarudi chumbani peke yake. Mama yake akimpigia simu anauliza, "Mwanangu, leo umefunga?"

"Mimi sifungi, mama. Mimi nazuia."

"Haya baba, zuia vizuri. Wenzako wanakujali lakini?"

"Wananijali, mama."

Uongo mtupu. Alikuwa mpweke yule mtoto, mpweke mpaka anaiachia televisheni iongee ili asikie sauti ya mtu.

Kando yake uwanjani alisimama mkongwe, mwaka wa tisa kwenye timu. Kabla mpira haujaanza, mkongwe ndiye anayenong'ona nani amzuie nani. Mechi ya tatu akanong'ona, "Wa nje wako, wa ndani wangu." Kijana akamvaa wa nje. Lo! Mkongwe naye, sijui akili ilimruka, akamkimbilia yule yule wa nje. Wa ndani akapita katikati bila hodi, akamwangusha mpiga pasi, bega likavunjika. Watu uwanjani wakashika vichwa.

Jumatatu asubuhi wakakaa wote kuangalia video ya mechi, kila mchezaji apewe alama zake. Kocha akaisimamisha pale pale. Video inaonyesha pengo, kijana na mkongwe wote wamemvaa wa nje. Walichonong'onezana haikionyeshi.

"Huyu alikuwa wa nani?" kocha akauliza, kidole kwa yule aliyepita.

Kijana akamtazama mkongwe. Mkongwe akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe vimeshafungwa. Kocha akauliza tena, sasa kwa ukali. Kijana amelelewa huku kwetu, hawezi kumnyooshea kidole mkubwa mbele za watu. Akasema, "Labda nilikosea mimi, kocha." Alisema akiamini kabisa kwamba mkubwa atamkatiza. Je, alimkatiza? Thubutu! Kocha akaandika.

Siku nzima kijana alimngoja mkongwe aende kusema ukweli. Mchana alikaa meza ya watu sita, viti vitano vitupu, maana anayekaribia kufukuzwa hukimbiwa, utadhani kufukuzwa kunaambukiza. Kila mlango ulipofunguliwa aliinua kichwa.

Jumanne akaja mtu: "Kocha anakuita. Njoo na kitabu chako cha mbinu." Kwenye timu zile, ukiambiwa uje na kitabu, ndiyo basi tena. Akakirudisha, akabeba begi lake. Kwenye korido akakutana na mkongwe. Mkongwe akamkumbatia, machozi yakamtoka, tena machozi ya kweli jamani! Akamwambia, "Pole sana, mdogo wangu. Nitakuombea."

Nitakuombea! Na mlango wa kocha uko wazi, hatua kumi nyuma yake. Kijana hakupungukiwa maombi. Alipungukiwa mtu wa kuingia mle ndani na kusema, "Kocha, yule alikuwa wangu."

Nawaona mnafuta macho. Wewe mama hapo mbele, unamlilia nani? Kijana, sivyo? Humu ndani leo kila mtu ni kijana, sote tumeonewa! Basi wakongwe wanasali kanisa gani? Yule dada wa kazi tuliyemfukuza kwa ajili ya pete, na pete tukaiona wiki ya pili chini ya kitanda, tulimwita? Shemeji aliyeitwa mchawi mbele ya msiba, na sisi tunajua mtoto tulimchelewesha wenyewe hospitali, tulifungua mdomo? Tulinyamaza. Na leo tunawaombea, wapendwa. Tunawaombea kwa majina, tena kwa kufunga.

Mimi leo sifungi ibada kwa maombi. Simu mnazo, na namba zao mnazo. Tokeni nje mkapige. Na msinisubiri mlangoni kunipa mkono, kuna mzee wa kanisa hili aliyeondoka kwa kosa langu mwaka juzi, nami sijawahi kumpigia.