Sega la Mgonjwa

"Acha sega moja, hujui kesho utaungua wapi."

Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia hivyo mlipokuwa mnapitisha vidole ndani ya chupa ya asali, mkacheka, mkadhani ni uchoyo. Shangazi yenu si mchoyo. Sasa mmeuliza maneno hayo yalitoka wapi, na kwa kuwa mmeuliza vizuri, kaeni mjibiwe. Wewe mwenye vidole vinavyonata, kanawe kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika misitu ya miombo iliyo kusini mwa Tabora, palikuwa na kijiji kikiitwa Itambuka. Watu wake walikuwa warina asali, kazi waliyorithi kwa baba zao. Mizinga waliitengeneza kwa magome ya miti na kuiweka juu matawini. Kiangazi kikifika, wanaume walihamia kambini huko msituni, wakarina, kisha wakarudi na asali ndani ya malindo, yale mapipa ya magome yanayobebwa begani.

Basi siku ya kurudi ndiyo ilikuwa na mambo. Kila mwanamume alisimama uwanjani mbele ya wazee, wanawake na wakwe zake, akajigamba. Alitaja mti mmoja mmoja aliopanda, na kwa kila mti alisema, "Nimeukomba." Maana yake hakuacha sega hata moja, mzinga ukiugonga unalia kama ngoma. Aliyeacha kitu mzingani alihesabiwa mwoga aliyekimbizwa na nyuki, na wanawake walimtania mpaka msimu mwingine. Hivyo ndivyo walivyolelewa, na hakuna aliyejiuliza kama ni akili au si akili.

Bingwa wa majigambo hayo alikuwa Mihambo, kijana mrefu, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mke wake, mama wa mtoto wao Shija, aliitwa Kalunde. Kaka yake Kalunde, Kapama, ndiye aliyekuwa mwenzake wa kazi: mmoja akipanda, mwingine hubaki chini na kienge, mwenge wa moshi wa kuwatuliza nyuki. Mashemeji hao walipendana, lakini walishindana pia, na Kapama alikuwa amechoka kuwa wa pili kila mwaka. Angelipata jambo moja tu la kumcheka Mihambo, angelila nalo ugali mwaka mzima.

Mwaka huo, mti wa mwisho ulikuwa mtundu, ile aina ya miombo mikubwa, katika Korongo la Fisi. Kapama alishikwa na homa akabaki kambini. Mtu mwenye busara angengoja. Mihambo hakungoja, alikwenda peke yake, akapanda na kienge chake mkononi. Alipofungua mzinga na kutoa masega machache ya mbele, kienge kikazimika.

Nyuki wa Korongo la Fisi hawakuwa wa kubembelezwa. Waliingia ndani ya shuka aliyojifunga, na Mihambo aliteremka ule mti kwa namna ambayo hata nyani angemwonea huruma. Shuka ilinasa tawini, akaiacha huko huko. Alikimbia hadi mtoni, akazama mpaka puani, akakaa humo kutwa. Kambini alisema shuka imechukuliwa na maji alipokuwa akivuka. Uso wake uliovimba alisema umeumwa na nyuki wa mti mwingine.

Mngedhani angenyamaza. Siku ya majigambo alisimama, akataja miti yake yote, na alipofika kwenye mtundu wa Korongo la Fisi sauti yake haikutetereka. "Nimeukomba," alisema, "ukiugonga utasikika huku." Vigelegele vikapigwa, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Kalunde. Mihambo alimtazama mkewe akifurahi namna ile, akaona aibu kidogo. Lakini aibu kidogo haimzuii mtu kula sherehe.

Asali ya mwaka ule ikaenda ilikokwenda. Nyingine ilibadilishwa kwa chumvi na nguo, nyingine ikachemshwa ikawa pombe ya wanzuki, watu wakanywa na kucheza. Kisha msimu wa mvua ukafika bila mvua. Miombo haikuchanua. Warina asali walipozunguka msituni walikuta mizinga mitupu, hakuna hata mlio. Nyuki aliyekombwa kila kitu, na nje hakuna ua, atakaa angoje nini? Walikuwa wamehama.

Katika kiangazi kile kirefu, Kalunde alikuwa akichemsha machicha ya masega ili apate nta. Mnajua kazi hiyo: chungu kikubwa, maji yanayotokota, nta ikielea juu. Jiko la mafiga lilikuwa kuukuu, figa moja likateleza, na chungu kizima kikamwagika juu ya mguu wake, kuanzia goti hadi kwenye vidole. Nta ya moto haimwagiki ikaondoka kama maji. Hushika ngozi na kuendelea kuunguza.

Mama yake Mihambo, Bi Nyanzala, ndiye aliyekuwa mganga wa kijiji, na dawa yake kubwa ilikuwa asali. Mwenye kikohozi alimkorogea na ndimu. Mwenye vidonda vya mdomoni alimpaka. Aliyetoka kujifungua alimtilia kwenye uji apate nguvu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hakumrambisha kamwe, hata angeliaje, na wakwe waliolalamika aliwafukuza. Kwa kidonda cha moto hakuwa na shaka hata kidogo: asali mbichi, juu ya kitambaa safi, hubadilishwa asubuhi na jioni. Alikuwa amewaponya wengi kwa njia hiyo, na alijua anachokifanya.

Alimmwagia mkwewe maji baridi ya mtungini kwa muda mrefu, akamfunika, kisha akamgeukia mwanawe. "Mwanangu, nitafutie asali."

Mihambo alipita nyumba kwa nyumba. Huku alipewa wanzuki. Kule alipewa asali iliyochemshwa ikabaki rojo jeusi. Mama yake alionja kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. "Hii imepita motoni. Itatia utamu, lakini haitafunga kidonda. Nataka ile ya mzingani, jinsi nyuki alivyoiacha."

Kijiji kizima hakikuwa nayo. Na hapa, wajukuu zangu, ndipo palipokuwa na mtihani wa Mihambo. Yeye peke yake, katika watu wote wa Itambuka, alijua kwamba upo mzinga mmoja ambao haukukombwa. Aliujua vizuri, alama zake alikuwa bado nazo mgongoni. Kwenda peke yake aliogopa, maana nyuki wale walimshinda mara ya kwanza, na bila mtu wa kushika kienge chini wangemuua. Ilibidi aende na mwenzake, na mwenzake ni Kapama. Kumwambia Kapama ni sawa na kulipigia ngoma uwanjani.

Kwa hiyo alijidanganya. Alijiambia kwamba na hao nao watakuwa wamehama. Alijiambia huenda kidonda kikakauka chenyewe. Akaenda vijiji vya mbali kutafuta, akarudi mikono mitupu. Aliporudi, alikutana na harufu mlangoni kabla hajaingia ndani.

Kalunde alikuwa amelala akitetemeka kwa homa. Alifungua macho akasema, "Umepata, baba Shija?"

"Bado."

"Basi usijichoshe. Bingwa wangu umefanya uliloweza." Akamtabasamia, akafumba macho tena.

Neno lile, bingwa wangu, lilimchoma Mihambo kuliko nyuki. Bi Nyanzala alimvuta nje, akamwambia bila kuzunguka, "Kidonda kimeanza kuoza. Kesho kutwa hutaniuliza habari za mguu, utaniuliza habari za roho."

Mihambo alikwenda moja kwa moja kwa Kapama, akamkuta anasuka kamba uani.

"Shemeji, chukua kienge twende."

"Twende wapi? Msitu mzima hauna nyuki."

"Mtundu wa Korongo la Fisi."

Kapama akainua uso. "Ule ulioukomba, ukiugonga unasikika huku?"

"Sikuukomba," Mihambo alisema. "Kienge kilinizimikia, nikakimbia. Nilitoa masega ya mbele tu. Mengine yote niliyaacha."

"Na shuka iliyochukuliwa na maji?"

"Iko juu ya mti."

Kapama akaiweka kamba chini. Hili ndilo jambo alilokuwa akilitafuta miaka yote, na sasa limemjia likiwa limesimama mlangoni pake. Lakini mgonjwa alikuwa dada yake. "Tangu lini unalijua hili," aliuliza polepole, "na Kalunde analala pale ananuka?"

"Tangu siku ile. Nitukane, lakini nitukane tukiwa njiani."

"Nitakutukana," Kapama alisema akiokota kienge. "Mficha uchi hazai, shemeji, na wewe wako umeuanika mtini."

Wakaenda kwa miguu ya haraka, na Kapama alitimiza ahadi yake, alimtukana njia nzima. Walipofika korongoni waliiona shuka, imechanika, inapepea juu ya tawi. Kapama alijitahidi sana asicheke. Alishindwa, akaketi chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Kisha wote wawili wakanyamaza, wakasikia mlio. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka.

Kapama akawasha kienge, akakishika asikiache kizimike hata nukta moja. Mihambo alipanda akitetemeka, nalisema wazi kwa sababu ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Alikata sega, akakata na jingine, yamejaa mpaka ukingoni, akayateremsha kwa kamba. Likabaki la mwisho, nyuma kabisa ya mzinga.

"Ukombe kweli leo, shemeji!" Kapama alimwita kutoka chini. "Maliza!"

Mihambo aliweka kisu juu ya sega lile. Akakumbuka mizinga yote aliyoikomba kweli, jinsi ilivyo mitupu, na huu mmoja aliouonea aibu ndio ulio hai. Mahali aliposhinda hapakuwa na dawa ya mkewe. Dawa ilikuwa hapa aliposhindwa. Akarudisha kisu kiunoni, akaufunga mzinga, akaichomoa ile shuka tawini, akateremka.

"Umebakisha," Kapama alisema.

"Nimebakisha. Wakiwa na chakula hawatahama. Na sisi hatujui nani ataungua kesho."

Bi Nyanzala alionja ile asali, na safari hii hakutikisa kichwa. Alikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akapaka asali kwenye kitambaa safi, akafunga. Asubuhi alibadilisha, jioni alibadilisha, wala hakuruhusu mtu mwingine akiguse. Kwanza ile harufu ikaondoka. Halafu homa ikashuka, Kalunde akaomba uji. Baadaye, pembeni mwa kidonda, ngozi changa ikaanza kuingia kidogo kidogo kuelekea katikati. Kabla mvua hazijarudi, Kalunde alikuwa anakwenda kisimani kwa miguu yake, akichechemea kidogo.

Siku hizi zahanati ipo, nanyi mkiungua nendeni zahanati, msije mkasema mimi niliwakataza. Lakini wakati ule palikuwa na Bi Nyanzala na lile sega, basi.

Mvua zikarudi, miombo ikachanua, na nyuki wa Korongo la Fisi waliongezeka wakagawanyika, makundi yao yakaingia katika mizinga mitupu ya jirani. Msimu wa kurina ukafika, na siku ya majigambo uwanja ulijaa. Kapama alikuwa ametunza ile shuka iliyochanika kwa ajili ya siku hiyo, amefurahi, anangoja zamu yake. Mihambo akamwahi. Alisimama, akaichukua shuka mikononi mwa shemeji yake, akaifunga shingoni, akasimulia yote: kienge, kukimbia, mto, uongo wake, na jinsi alivyoiacha aibu imkalishe huku mkewe anaoza. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Ndipo akaanza kutaja miti yake. Alitaja mninga wa kambini, akasema, "Nimeacha sega moja." Akataja mtundu wa Korongo la Fisi, akasema, "Nimeacha sega moja." Mti kwa mti, hivyo hivyo. Hakuna mwanamume aliyewahi kujigamba namna ile, na watu hawakujua kama wapige vigelegele au la. Mzee mmoja aliguna, akauliza kwa sauti, "Sasa tunasifia uvivu? Unaacha sega la nani?"

Kalunde ndiye aliyemjibu. Alisimama katikati ya wanawake, akaja mbele taratibu, akapandisha kanga yake mpaka gotini. Kovu lilikuwa pana, linang'aa, limefunga.

"La huyu," alisema. "Na kesho ni la kwako, babu. Acha sega moja, hujui kesho utaungua wapi."

Mwaka uliofuata mzee yule naye aliacha, na wengine wakaacha, na sega lile la nyuma likapewa jina, sega la mgonjwa. Mpaka leo mrina asali wa huko haligusi, akilala njaa au akiwa na shibe. Nanyi mmekula vya kutosha. Ifunikeni hiyo chupa, mumpelekee shangazi yenu aiweke mahali pake, na kilichobaki chini msikiguse. Acha sega moja, hujui kesho utaungua wapi.