Fisi Aliyekalia Elimu ya Wenzake

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na jiwe!

— Jiwe la nani?

La wote!

— Na aliyelikalia?

Mmoja!

— Mtaje tumjue!

Haya, nitamtaja, lakini kaeni vizuri, maana leo nina hasira. Ngano hii kila nikiisimulia kifua hunijaa.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo kikuu chao. Msinicheke. Chuo kamili, chenye profesa, chenye mitihani, chenye wanafunzi wa kusema "kesho nitasoma." Kilikuwa chini ya mlima wa majabali, na kivulini palikuwa na jiwe pana la kusomea, la kila mtu. Profesa alikuwa Korongo, yule ndege mwenye miguu mirefu. Korongo akifundisha husimama kwa mguu mmoja. Akishusha wa pili, somo limekwisha. Uwe umeelewa, uwe hujaelewa, shauri yako. Maneno yake wanafunzi waliyaandika kwa mwiba juu ya majani makavu ya mgomba, na majani hayo wakayaita madesa.

Basi chuoni hapo alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua, mdogo, masikio mafupi, mkia hana. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo, na kule majabalini walitamba, "Na sisi tuna msomi!" Kumbe msomi mwenyewe yuko taabani. Mwaka uliopita alianguka mtihani, sasa alikuwa anarudia. Na Korongo sheria yake moja: ukianguka mara ya pili, umedisko, fungasha, njia ile pale.

Aliangukaje? Hapo ndipo damu inaponichemka. Alianguka kwa sababu ya Fisi.

Fisi naye alikuwa mwanafunzi, lakini wa kusoma? Thubutu! Fisi haingii darasani. Fisi haandiki. Fisi hasikilizi. Kazi yake kula na kukoroma, khooo, khooo. Mtihani ukikaribia ndipo anaamka, anaramba meno, anawapitia wenzake mmoja mmoja.

"Lete desa!" Kanga akatoa.

"Lete desa!" Nguchiro akatoa.

"Lete desa!" Pimbi akatoa.

Nani akatae, kwa meno yale? Siku ya mtihani Fisi akasimama mbele ya Korongo na majani ya watu, akayasoma kwa sauti nzito, akasifiwa. Pimbi akasimama mikono mitupu, na kichwa vilevile, kwa kuwa alidhani kuandika kunatosha. Akaambiwa, "Mvivu wewe!" Mvivu! Aliyeandika aitwe mvivu, aliyepora aitwe hodari! Jamani, hiyo ni haki?

— Siyo!

Semeni tena!

— Siyo!

Ahsanteni. Nilidhani nimekasirika peke yangu.

Mwaka wa kurudia ukaanza vibaya. Pimbi anafungua jani, anasoma mstari mmoja, anapiga miayo. "Nitasoma nikishakula." Akila, "Nitasoma nikishalala." Akiamka, "Ah, hata nikisoma, Fisi si atakuja?" Na hilo ndilo lililomkata maini. Utoke jasho wewe, ashibe mwingine!

Alikuwa akiishi na shangazi yake, pimbi mmoja mkali kuliko pilipili kichaa. Kila asubuhi wawili hao hupanda jabali kuota jua, maana pimbi bila jua la asubuhi hajielewi. Siku moja shangazi akamkazia macho.

"Mbona husomi?"

"Nisome ili iweje, shangazi? Fisi atakuja kuninyang'anya. Afadhali nimtafute mtu anisomee, aniambie kwa kifupi."

Shangazi akaruka juu. "Anisomee? Umesema anisomee? Hebu geuka!"

Pimbi akageuka.

"Una nini huko nyuma?"

"Sina kitu."

"Kwa nini huna kitu?"

"Kwa sababu siku ya kugawa mikia mvua ilinyesha, babu yetu hakutaka kulowa, akawatuma wenzake. Akasema, niletee mkia wangu."

"Wakamletea?"

"Hawakumletea."

"Babu alikosa mkia kwa 'niletee,' na wewe unataka kukosa kichwa kwa 'nisomee'? Ukoo huu utabaki na nini? Matumbo tu?"

Pimbi akaona haya mpaka masikioni. Akachukua jani moja, moja tu, akalisoma hadi mwisho.

"Lifunike," shangazi akasema. "Sasa niambie."

"Kichuguu cha mchwa kina matundu."

"Kwa nini?"

"Profesa kasema."

"Sikukuuliza nani kasema. Nimekuuliza kwa nini!"

Pimbi akateremka mbio, tuku-tuku-tuku, akamkuta Korongo hajashusha mguu wa pili, akamuuliza. Akapanda tena, tuku-tuku-tuku. "Ili hewa ipite, shangazi. Bila hewa, ndani wangekufa kwa joto."

"Na hao mchwa wanakula nini?"

"Majani makavu. Hasa yakiwa gizani, mahali pasipo na wa kuwasumbua."

"Mm," akasema shangazi.

Shangazi yule hakuwa mtu wa kusifu. "Mm" yake ilikuwa sherehe nzima. Kesho yake jani jingine. "Kwa nini?" Tuku-tuku-tuku. "Mm." Keshokutwa jani jingine. "Kwa nini?" Tuku-tuku-tuku. "Mm." Asubuhi za kukosa hamu zilikuwepo, tena nyingi, nisiwadanganye. Asubuhi hizo Pimbi alipanda kwa ajili ya jua tu. Lakini akishafika, shangazi yupo, jani lipo, atakimbilia wapi? Anasoma.

Mtihani ukakaribia. Fisi akaamka. Pimbi akamsikia kwa mbali, kule kwa Kanga, "Lete desa!" na Kanga akilia, "Kwee! Kwee! Niachie walau moja!" Safari hii Pimbi hakuogopa. Alikasirika. Alikasirika kwa ajili ya mwaka jana, na kwa ajili ya Kanga, na kwa lile neno "mvivu" ambalo halijamtoka rohoni. Akayabeba majani yake yote, akamwendea Fisi mwenyewe.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Lete desa, we kipimbi!"

"Nimekuletea kabla hujaja. Ila bwana mkubwa, mwenzako nakuonea huruma. Mwaka jana uliyachukua, halafu ukayasoma. Mtu mzito kama wewe, usome? Kusoma ni kwetu sisi wenye vijitumbo, tunaodonoa kidogo kidogo."

Fisi akasimamisha masikio. "Sasa wakubwa hufanyaje?"

"Hukalia."

"Hukalia?"

"Kuku ana mayai. Huyasoma?"

"Aa, hayasomi."

"Huyafanyaje?"

"Huyakalia."

"Yakishapata joto?"

"Yanatoa vifaranga!" Fisi akajipiga kipaji cha uso. "Kumbe!"

"Basi kusanya madesa ya chuo kizima, usibakishe hata moja, uyalundike juu ya lile jiwe la kivulini, uyakalie. Usiyafunue, yatapoa. Usiinuke, wataiba. Elimu itapanda yenyewe, mgongoni, shingoni, kichwani."

Tamaa, jamani! Fisi hakuuliza hata swali. Akapita tena. "Lete desa!" kwa Nguchiro. "Lete desa!" kwa Kanga mara ya pili, lile moja alilolificha chini ya bawa. Akalundika yote juu ya jiwe la wote, akapanda, akakaa, puu! Akaanza kuimba:

Nimeikalia, nimeikalia,
elimu ya watu nimeikalia!

Kanga na Nguchiro waliposikia nani aliyempa Fisi shauri lile, wakamvaa Pimbi. "Msaliti! Hata jiwe tumekosa!" akafoka Nguchiro. "Mwaka mzima nimeandika, mwaka mzima!" akalia Kanga.

"Nitukaneni mtakavyo," Pimbi akawajibu. "Lakini kesho asubuhi njooni juani. Aliyochukua ni majani. Mliyoyasikia kwa masikio yenu hajayachukua."

Wakaja wamenuna. Shangazi akawapokea bila hata karibu. "Wewe mwenye madoadoa, niambie kitu." Kanga akaanza kubabaika. "Kwa nini?" Kanga akakwama, Nguchiro akamsaidia. "Kwa nini?" Nguchiro akakwama, Pimbi akamsaidia. "Kwa nini?" Wakakwama wote, wakateremka pamoja mbio kwa Korongo, tuku-tuku-tuku. Kelele jabali zima! Na jua likipanda wanarudi wakibishana, wamesahau kununa.

Kule chini Fisi amekaa. Jua linawaka, amekaa. Njaa inauma, amekaa. Makalio yakaanza kumwasha. Kitu kinatembea huku, kinatembea kule, nyatu-nyatu-nyatu, kinampanda mgongoni.

"Naam!" Fisi akafurahi. "Elimu hiyo inapanda!"

Nimeikalia, nimeikalia,
elimu ya watu nimeikalia!

Siku ya mtihani ikafika. Korongo akasimama kwa mguu mmoja. Fisi akawasukuma wenzake. "Mimi kwanza! Mimi ndiye mwenye elimu ya wote!"

"Haya, mwenye elimu ya wote," Korongo akasema. "Kichuguu kina matundu. Kwa nini?"

Fisi akangoja elimu ipande kichwani. Haikupanda. Akatikisa kichwa, labda imekwama shingoni. Wapi! Akaona aibu isimuue, akarudi mbio kwenye jiwe lake kuchota madesa. Akaingiza mikono yote miwili, akainua.

Vumbi, fuuu!

Mchwa walikuwa wameyala majani, wameyamaliza, wamebakisha ungaunga. Giza walipewa, joto walipewa, wa kuwasumbua hakuna. Wamkute wapi tena mwenye ukarimu kama ule?

"Nakungoja," akaita Korongo. "Kwa nini?"

Fisi akafungua mdomo, likatoka hilo hilo lililokuwemo: "Hii-hii-hiiii!"

"Nakuuliza swali la pili. Mchwa hula nini?"

Mchwa mmoja akamdondoka Fisi begani, katikati ya watu. "Hii-hii-hiiii!"

"La kwanza umeanguka, la pili umeanguka. Umedisko," Korongo akasema. "Njia ile pale."

Kanga akaitwa, akajibu. Nguchiro akaitwa, akajibu. Pimbi akaitwa mwisho, na yeye ndiye aliyekuwa ukingoni. Korongo akauliza, Pimbi akajibu. Korongo akafungua mdomo kusema "kwa nini," Pimbi alishajibu. Swali baada ya swali, hadi profesa mwenyewe akaishiwa.

"Umefaulu," Korongo akasema. "Mwaka jana nilikuita mvivu."

"Uliniita."

"Basi sasa umebadilika."

Hapo hasira ya Pimbi, ile aliyoilea mwaka mzima, ikapanda yote. "Profesa, mwaka jana aliyesoma majani yangu ulimsifu. Meno yale uliyaona. Mikono yangu mitupu uliiona. Hukumuuliza 'kwa nini' hata moja. Na mimi leo nakuuliza. Kwa nini?"

Korongo akatazama huku. Akatazama kule. Kisha akashusha mguu wa pili, somo likaisha.

Mmeona? Wakubwa wa namna hiyo hawakosi mguu wa kushusha!

Pimbi akapanda jabali. Shangazi anaota jua.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, shangazi."

"Kwa nini?"

Pimbi akacheka mpaka akakaa chini. Na kule majabalini mapimbi walipopata habari walipiga vigelegele, na tangu siku hiyo hakuna pimbi aliyekubali kusema "nisomee."

Fisi je? Alikaa mno, akiinuka mgongo umeteremka kuelekea nyuma, haujanyooka mpaka leo. Na popote anapopita akihisi ataulizwa kitu, anawahi kucheka. Watu husema amefurahi. Amefurahi wapi!

Sasa funzo, maana ngano bila funzo wakubwa hawailipii hata kahawa. Enyi mlio vyuoni, sikieni. Msisome kidogo kidogo, mtachakaa. Kusanyeni madesa, yajazeni chumbani hadi darini, myakalie. Msiulize maswali, maswali yanawachosha maprofesa na miguu yao. Hamu ya kusoma isipokuja, ingojeeni kitandani, iko njiani. Na mtu akija kuwapora, mpeni na shikamoo juu. Atakayefuata funzo langu hili nitamtambua nikimwona, kwa mgongo wake.

Ngano yangu imepanda jabali, imeota jua, imelala. Aliyeipenda aibebe kichwani, asiikalie.

Na wewe huko nyuma, nimekusikia unacheka.

Kwa nini?