Wasifu wa Mageni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu chenye thamani hakihitaji kupigiwa debe, kwa kuwa wenye haja nacho watakifuata kilipo. Kisicho na thamani ndicho kinachozunguka mlango kwa mlango kikijinadi. Wengi wetu tunaikariri methali hii darasani, tunaiandikia insha na kupata alama zetu, kisha tunatoka nje na kuishi kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya wauza nyanya. Mageni Bujiku alikuwa mmoja wetu.

Mageni alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uchenjuaji wa madini, yaani kuyatenga na mawe na mchanga, katika chuo kimoja mjini Shinyanga. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Mama yake, Mbuke, alimlea kwa kazi ya kuosha mchanga wa dhahabu kwenye mialo ya wachimbaji wadogo karibu na Bugarama, mgongo umeinama juu ya karai kutwa nzima. Kijana alikuwa na azma moja tu: apate nafasi ya mafunzo kwa vitendo itakayomfikisha kwenye ajira, amwondoe mama yake pale mwaloni kabla mgongo haujakataa kabisa. Azma njema kuliko hiyo mimi siijui.

Muhula ule mwalimu wao, Madamu Asteria, aliwafundisha kufungua kurasa za kitaaluma mtandaoni, mahali ambapo waajiri hutafuta vijana.

"Wekeni kazi zenu," aliwaambia. "Picha ya kazi, maelezo mafupi, basi. Na mkumbuke, wasifu si majisifu."

Mageni alianza vizuri. Mwisho wa juma alikwenda Bugarama akarekodi video ya dakika tatu, akaiweka kwenye ukurasa wake. Ilionyesha mikono yake ikiosha mchanga kwenye karai bila tone la zebaki, njia ambayo mama yake aliishika tangu zamani kwa kuiogopa sumu hiyo. Sauti ya Mbuke ilisikika pembeni ikimkosoa mwanawe: "Polepole, ng'wanawane! Dhahabu haikimbizwi. Ukiharakisha utaimwaga." Mwishoni vipunje vya njano vilibaki chini ya karai. Madamu Asteria aliitazama mara mbili, akamwambia asiifute hata kwa bahati mbaya.

Lakini Donatus, aliyelala naye chumba kimoja bwenini, alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Yaani wewe msomi mzima unajianika na karai? Wenzako huko wamevaa suti! Hata neno lenyewe hulielewi. Wasifu maana yake watu wakuone, wasifu!"

Utani huo ulimchoma Mageni kuliko alivyoonyesha. Siku hiyohiyo aliifuta video. Mahali pake akaweka picha aliyopigwa siku chuo kilipofanya ziara kwenye mgodi mmoja mkubwa, amesimama mbele ya mtambo, kofia ngumu ya kijani kichwani, mikono kifuani kama mwenye mali. Chini yake akaandika: "Fundi wa uchenjuaji, uzoefu wa miaka miwili mgodini." Kisha akaanza kujitembeza. Alituma ujumbe kwa mameneja asiowajua, akawaomba marafiki wampongeze, akajisifia hili na lile. Pongezi zilikuja tele. Kazi haikuja hata moja.

Mama yake alipopiga simu kuuliza watu wanaionaje ile video yao, Mageni alijibu, "Wanaipenda, mayu." Mbuke alifurahi, akawasimulia wanawake wenzake pale mwaloni. Mageni alikata simu moyo ukimsuta, lakini hakurekebisha kitu.

Baada ya miezi miwili aliitwa Geita. Mradi mmoja mdogo wa kuwafundisha wachimbaji kuosha dhahabu bila zebaki ulikuwa na nafasi moja, na msimamizi wake alimtaka kwa jina. Alikuwa Bi Kausar, mzaliwa wa Geita, mwanamke wa maneno machache.

"Shikamoo."

"Marahaba. Keti." Aliigeuza kompyuta ili Mageni aione picha yake mwenyewe. "Hiyo miaka miwili ulikuwa kitengo gani?"

"Uchenjuaji. Kwa jumla tu."

"Na hii kofia?"

"Ni kofia yangu ya kazi."

"Mimi nimefanya kazi mgodi huo miaka sita, Mageni. Kofia ya kijani pale anavaa mgeni. Akitoka getini anairudisha."

Mageni alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikukuita kwa picha hii," Bi Kausar aliendelea. "Niliona video ya kijana wa chuo chenu akiosha kwa karai, mama mmoja akimkosoa. Niliporudi kuitafuta haikuwepo, ndipo nikampigia mwalimu wenu, akanipa jina lako. Nilipofungua ukurasa wako nikamkuta huyu wa kofia, nikadhani nimekosea mtu."

"Ni mimi, Bi Kausar! Yule mama ni mama yangu. Niliifuta kwa sababu... niliona aibu."

"Nakuamini, na ndicho kinachoniuma. Kazi hii ulikuwa umeshaipata kabla ya kuiomba."

"Basi nisamehe. Nitairudisha leo leo!"

Bi Kausar alitikisa kichwa. "Wachimbaji watatuletea dhahabu yao tuwapimie. Tukiwaambia gramu tatu, hawana pa kuhakikisha, wanatuamini. Aliyejiongezea miaka miwili, siku moja ataongeza gramu au atapunguza. Nenda salama, mwanangu."

Nafasi ile alipewa Martina, binti ambaye ukurasa wake ulikuwa na picha nne tu za mwalo wa kuoshea mchanga aliojenga mwenyewe nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Hakuwa amemwandikia meneja yeyote.

Nje ya ofisi, simu ya Mageni iliita.

"Ng'wanawane, wamekuchukua?"

Safari hii alishindwa kudanganya. Alimweleza mama yake yote, hata lile la kumwonea aibu. Upande wa pili yalisikika maji yakimwagwa taratibu.

"Mayu? Uko hapo?"

"Nipo," Mbuke alisema. "Rudi chuoni ukasome. Acha mimi nimalizie mchanga huu, bado mwingi."

Mageni alilia palepale kando ya barabara, bila kujali vijana wa bodaboda waliokuwa wakimtazama. Alijuta kwa moyo wote, lakini majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kile alichokificha kilikwisha kupata mnunuzi, na kile alichokinadi mtandaoni miezi miwili ndicho kilichomfukuza. Hakika, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.