Mikono ya Kumtoa Nuriati

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani ya fisi na sungura. Ni zamani ya juzi tu, simu zipo, bando linaisha kama linavyoisha leo. Palikuwa na Tunu, mke wa Sefu dereva wa lori, kwenye nyumba ya kupanga pale Morogoro. Mimi napanga chumba cha uani, kwa hiyo sikuhadithiwa. Tunu akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Nuriati. Mtoto mzima, mama mzima, tukapiga vigelegele.

Kumbe tulipiga mapema. Tunu alirudi nyumbani akageukia ukuta. Mtoto akilia anamnyonyesha, akimaliza anamsogeza pembeni kama mtu anayerudisha sahani. Jina la mwanawe halimtoki mdomoni. "Mchukueni huyo," anasema. Huyo! Wa kumzaa mwenyewe! Sefu akaogopa, nyumba nzima ikaogopa. Tulikuwa tunampoteza Tunu huku tunamwona.

Sasa nawaleteeni watu watatu. Wewe, weka simu chini usikilize.

Wa kwanza, Bi Mwamvua, mama yake Sefu. Alikuja na begi moja na sufuria yake mwenyewe, maana za watu haziamini. Kila siku anachemsha maji, anamkanda mkwewe mgongo na tumbo, anampikia uji wa pilipili manga, anafukiza ubani, anamsomea dua. Hamuulizi kitu. Kila siku, hakuruka hata moja.

Wa pili, Mama Leokadia, jirani wa chumba cha ubavuni, Mkatoliki wa rozari shingoni. Mambo ya ubani hayajui. Kila siku saa kumi jioni anakaa kwenye kigoda upande wake wa ukuta, anasali rozari kwa ajili ya Tunu, kisha anaimba. Na sauti, Mungu anisamehe, sauti hana. Tena akaweka nadhiri: chai haigusi mpaka Tunu amwite mwanawe kwa jina. Leokadia na chai, jamani! Mtu anayekunywa vikombe vitano kabla hajafagia uwanja! Alipiga miayo, kichwa kikamgonga, chai hakuigusa.

Wa tatu, Saumu, dada yake Sefu, anafanya kazi Dodoma. Saumu ubani unampigisha chafya, na kanisani si kwao. Ibada yake ni moja: akitoka kazini, kabla hajavua viatu, anashukuru kwa kitu kimoja, kidogo tu. Basi kila siku akawa anamtumia wifi yake ujumbe wa sauti: "Wifi yangu, mimi leo nashukuru mvua haikunikuta njiani. Wewe je?" Tunu hajibu. Kesho tena, hajibu. Keshokutwa tena. Na ni Saumu huyohuyo aliyempigia simu nesi wa kliniki. Nesi akaja, akakaa na Tunu, akatuambia hiyo ni huzuni ya uzazi, ni ugonjwa, unatibika, na tuache kumsema.

Siku ya thelathini na tatu, saa kumi jioni, Bi Mwamvua anamwagia Tunu maji ya moto mgongoni. Ng'ambo ya ukuta Leokadia anaimba, amefika pale pa juu kabisa, sauti ikamkatika. Hapohapo simu ikalia, Saumu huyo: "Wifi, mimi leo nashukuru bosi kasahau miwani, hakuona nilivyochelewa. Wewe je?"

Tunu akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akachukua simu akajibu: "Mimi leo nashukuru maji ni ya moto, na Mama Leokadia amenyamaza." Halafu akanyoosha mikono. "Mama, nipe Nuriati wangu."

Bi Mwamvua akaangusha kata. Ng'ambo ya ukuta tukasikia, "Chai! Nipikieni chai!" Mimi nililia, sioni aibu kusema.

Ikafika arobaini. Kwa kina Sefu wana desturi yao: asubuhi hiyo mtoto hutolewa nje kabla jua halijagusa kizingiti. Mama mzazi hamtoi mwenyewe. Anachagua mtu mmoja, mmoja tu, maana wanaamini mtoto huokota tabia ya mikono iliyomtoa. Saumu alishafika kutoka Dodoma. Tunu akasimama mlangoni na Nuriati, akakuta mikono sita imenyooshwa.

Bi Mwamvua akasema, "Mwili wa Tunu niliushika mimi, mpaka viganja vikababuka. Asingekuwa na nguvu, angecheka kwa nini? Na huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, nimemsubiri miaka kumi na miwili."

Leokadia akasema, "Mimi si ukoo wenu, wala si dini yenu. Ninyi iliwapasa. Mimi nilikuwa na mlango wangu, ningeufunga. Nikamwomba Mungu, na Mungu kajibu mchana kweupe."

Saumu akasema, "Kila mtu alimfanyia Tunu. Mimi nilimuuliza. Siku thelathini na mbili bila jibu, sikuchoka, na alipopata sauti, jibu alinipa mimi."

Maneno yakapanda. Tunu akaanza kulia. Wote watatu wakanywea, wakajua ugonjwa umerudi.

"Sijarudi kule," akasema Tunu. "Nalia kwa sababu nilidhani sina mtu. Nataka mwanangu aokote tabia ya aliyenirudisha, na kila nikiangalia naona watatu. Ahsanteni. Sina neno lingine, ahsanteni."

Bi Mwamvua akarudisha mikono nyuma. "Mpe Leokadia, mwanangu. Mimi nitaishi naye."

Leokadia akarudi nyuma hatua moja. "Hapana dada, mpeni Saumu. Katoka mbali."

Saumu akatikisa kichwa, machozi yanamshuka. "Mimi? Apewe mama. Amemsubiri miaka yote hiyo."

Haya, wenzangu. Waliokuwa wanagombea sasa wanasukumiana, Nuriati kaanza kulia, na jua liko kidole kimoja kutoka kizingitini. Tunu amewaangalia wote, kisha ametugeukia sisi majirani, anataka tumwambie. Semeni ninyi: Je, nani alistahili?