Mashine Isiyokula Umeme

Wahenga walituachia kwamba kuuliza si ujinga. Hawakusema kwamba kuuliza hakutii aibu. Hilo Nasur wa mji wa Koboko alilijua mwenyewe.

Mwaka 1993, Nasur na dada yake, Keji, waliishi kwa kuosha mazulia. Kuosha kulikuwa rahisi. Taabu ilikuwa kukausha. Msimu wa mvua, zulia la msikiti lilianikwa juma zima, kisha likarudi likinuka kama beberu. Kamati ikatamka wazi: likinuka tena siku ya Idi, kazi watapewa wengine. Basi wakashika njia ya mji wa Arua, wakiwa na akiba ya pesa ya kutosha mashine moja tu ya kukamulia, ile izungushayo zulia kwa kasi hadi maji yaruke nje.

Dukani kwa mzee Candia, muuza mashine, palikuwa na mashine mbili za aina hiyo. Ya kwanza ilimeremeta kama jino la dhahabu, vitufe tele. Ya pili ilikuwa bomba nene la chuma, limelala na gurudumu ubavuni, limenuna kama mgeni asiyekaribishwa. Nasur, mwana wa sajini, alikulia kambini, ambako maswali yalihesabiwa utovu wa nidhamu. Akainyooshea kidole ile ya kwanza.

“Ngoja, kaka,” Keji alisema. “Mzee, hii inakula nini?”

“Dada, mashine itakula ugali? Inakula umeme!”

Wateja wakaangua kicheko. Nasur akatamani ardhi ipasuke immeze.

“Na Koboko umeme iko wapi?” Keji aliuliza.

Kicheko kikakatika kama uzi. Mtaani kwao hapakuwa na waya hata mmoja. Nasur alilijua hilo siku zote, ila mng'aro ulikuwa umemsahaulisha.

“Na hii yenye kulala?”

“Hiyo inavutwa na mkanda. Injini yoyote ya dizeli.”

“Hata ya kusaga mahindi?”

“Hata hiyo.”

“Zulia tunakunja?”

“Hapana! Viringisha, sukuma ndani zima. Ukikunja, uzito unaegemea upande mmoja, mashine inaruka kama punda.”

Nasur alilitazama gurudumu. Jirani yao, Lomoro, alikuwa na injini ya kusagia. Hatimaye akauliza mwenyewe.

“Na mkanda… iko ndani ya bei?”

“Hapana. Unauzwa kando.”

“Mbona hukusema?”

“Hamkuuliza,” Candia alijibu, bila haya.

Wakapatana bei ya ile ya gurudumu, mkanda ukiwemo, na nyumbani injini ya Lomoro ikaivuta.

Asubuhi ya Idi, mwenyekiti wa kamati aliinama, akalinusa zulia kutoka pembe hadi pembe, akainuka, akavua viatu. Kazi hawakupewa wengine. Aibu ya Nasur ilikwisha kabla hawajatoka Arua. Lakini mashine ya vitufe, lau angeinunua, ingekaa uani kwake hadi uzeeni, ikitagiwa na kuku. Hakika, kuuliza si ujinga.